Njoo Uninusie

Mtaa mzima unamwita Bi Pua, na yeye mwenyewe analijua jina hilo na wala halimkeri. Nasema mapema, asije mtu akaniambia namvunjia heshima mama mkwe wangu. Mimi? Nithubutu? Pua yenyewe wala si kubwa. Ni ndogo tu, bapa kidogo, imekaa usoni kwa adabu. Lakini jamani, kazi iliyokuwa ikifanya pua hiyo!

Siku ya kwanza kuhamia kwao nilikaa sebuleni nimeinamisha kichwa, najifanya mpole, wageni wamejaa, watu wanacheka. Bi Pua akanyamaza katikati ya mazungumzo, akainua kidevu.

"Mwanangu," akaniambia, "umeacha pasi."

Chumba chetu kilikuwa mwisho wa korido, mlango umefungwa, na katikati kulikuwa na jiko linalochemsha nyama. Nikasema moyoni, huyu mama anataka kuniaibisha mbele za watu. Nikaenda. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati la mume wangu, ndiyo kwanza inaanza kulibadilisha rangi. Nikarudi sebuleni mdomo wazi, na baba mkwe akacheka mpaka akakohoa.

"Karibu sana," akasema. "Nyumba hii haina siri. Mimi sigara sikuachishwa na daktari, niliachishwa na huyu."

Tangu siku hiyo nikawa namtazama kama watu wanavyotazama mwanasarakasi. Alijua maziwa yatakayoharibika kesho. Alijua jirani gani alipita wakati hayupo. Akipita karibu na cherehani yangu alikuwa anasema, "Mota inapata moto, ipumzishe," na kweli, nikiigusa ni ya moto. Mimi ni fundi wa kushona nguo, cherehani yangu iko barazani chini ya dirisha la jikoni, kwa hiyo yanayotokea jikoni yote yananipitia. Tena hasira zangu ziko karibu, na mdomo wangu hauna breki, ndiyo maana Baba akaniita Kiberiti. Jina likaniganda.

Basi, biskuti. Kila Jumamosi Mama alikuwa anaoka biskuti za tangawizi. Tangawizi kavu anaitwanga mwenyewe kwenye kinu kidogo cha mbao, pamoja na mdalasini, karafuu na punje za pilipili manga. Siagi na sukari ya kahawia anazisugua kwa mwiko mpaka zilainike, anamimina asali iliyopashwa moto kidogo, halafu unga na magadi soda. Anafinyanga vidonge viganjani na kuvibonyeza kwa mgongo wa uma. Oveni yenyewe ni kuukuu, rangi imebanduka, mlango haufungi mpaka ubanwe na kitambaa kilichokunjwa. Saa? Hakuna cha saa. Akishaingiza trei anakwenda zake nyuma ya nyumba kuanika nguo. Mimi nashona huku nasubiri, maana najua kitakachotokea. Ghafla kidevu kinainuka. "Tayari!" Vibanio vya nguo vinadondoka, mama anakwenda mbio jikoni, anafungua, na biskuti zimepasukapasuka juu vizuri, kando zimekolea rangi, hakuna iliyozidi wala iliyopungua.

Halafu anafanya jambo moja ambalo mara ya kwanza lilinisisimua mwili. Anasimama juu ya trei, anafumba macho, anavuta pumzi mpaka mabega yanapanda. Anasema taratibu, "Mama ameingia."

Mama yake alifariki zamani, mimi sikumkuta. Hakuacha picha hata moja. Aliacha kinu, oveni na biskuti hizo. Mama mkwe wangu anasema sura ya mama yake ilianza kumpotea, sauti nayo ikafuata, lakini harufu ile ikipanda, mama yake anasimama jikoni mzima mzima, na kanga yake kiunoni. Hilo ndilo lililomwokesha miaka yote. Sisi tulikuwa tunafaidi tu.

Akiwa anafinyanga, hadithi zilikuwa hazimwishi. Alivyokuwa mtoto anacheza huko mbali na wenzake, halafu anasikia anaitwa, "Wewe! Njoo uninusie!" Anaacha mchezo, anakuja mbio, anaweka pua kwenye mlango wa oveni. "Bado, Mama." Anarudi kucheza, anaitwa tena. "Tayari, Mama." Hapo ndipo trei inatolewa.

"Ndivyo alivyonifundisha," alikuwa anasema. "Kila trei. Hakuniruhusu nikose hata moja."

"Na yeye wakati huo anafanya nini?" niliwahi kumuuliza.

"Anachuchumaa hapo hapo, sikio kwenye mlango wa oveni, macho kafumba. Alikuwa anasumbuliwa na kichwa, maskini. Joto lilikuwa linamtuliza."

Na hadithi ya maharage, hiyo ndiyo aliyoipenda Baba. "Mama yangu alinichapa kwa maharage aliyoyaunguza mwenyewe! Kasimama juu ya sufuria, kashika mwiko, mimi niko mlangoni nacheza. Yanaungua, wala hageuki. Mara akayaona yamekuwa meusi, fimbo ikanishukia mimi. 'Kwa nini hukuniambia? Kwa nini hukuniambia?' Hivi mimi ndiye niliyekuwa napika?"

"Kesi hiyo bado iko mahakamani," Baba alikuwa anasema, nasi tunacheka. Yeye pia anacheka, lakini si sana. Alisema tangu siku ile hakuacha harufu yoyote impite.

Mwaka mmoja baridi ikaja na mafua mabaya. Mama akalala kitandani, homa juu, tukashika roho mkononi. Akapona, Mungu si Athumani. Akaamka, akala, akaanza kuzunguka nyumbani kwake. Lakini nikaona vitu vidogo vidogo. Nakaanga vitunguu, anaingia jikoni ananiuliza, "Leo tunapika nini?" Napita na lundo la nguo zilizotoka kufuliwa, hasemi kitu kuhusu sabuni. Nikasema labda ni uchovu wa homa. Naye alijikaza kisabuni, hakumwambia mtu.

Ikafika Jumamosi. Mimi niko barazani nakunja pindo la gauni, nikaona moshi unatoka dirishani. Nikaruka, kiti kikaanguka huko. Jikoni, Mama amekaa mezani kaipa oveni mgongo, anachambua karafuu kwa utulivu, vijiti huku, vichwa huku. Moshi umejaa darini. Nikafungua oveni, mkaa mtupu.

"Mama! Husikii?"

Akageuka. Akautazama moshi, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue nikamwona ameogopa.

"Sisikii kitu, mwanangu," akasema. "Tangu niugue. Sisikii vitunguu, sisikii sabuni, hata jasho langu mwenyewe silisikii. Nilidhani leo, kwa biskuti, labda..." Akachukua moja iliyoungua, akaipeleka puani, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Nikasubiri. "Mama haji," akasema, na machozi yakamtoka.

Daktari alisema huenda ikarudi, huenda isirudi. Shukrani, daktari, hata mimi na cherehani yangu ningesema hivyo. Siku zikapita na haikurudi. Mama akawa mtu wa kukaa tu. Mwishowe akatangaza mezani kwamba oveni anaigawa. Mpika keki wa mtaa wa nyuma aliitamani siku nyingi, basi Jumatatu aje aichukue.

"Mke wangu," Baba akasema, "oveni haijakukosea."

"Kuiona tu kunaniuma."

Mimi nikawaka. "Hatoki mtu na oveni humu!"

"Kiberiti, taratibu," akasema Baba.

Nikashuka. Nikambembeleza. Ajaribu mara moja tu, muda nitautazama mimi kwenye simu, yeye afanye mengine. Mama akainua kidole kimoja. "Mara moja," akasema. "Nikishindwa, inakwenda. Na msinibembeleze tena."

Jumapili mchana tukaingia jikoni. Mikono yake haikuwa imesahau kitu, ilitwanga, ilisugua, ilikanda. Kama kawaida yake akadokoa donge bichi akaliweka ulimini. Halafu akaganda.

"Inawasha," akasema.

"Nini, Mama?"

"Tangawizi. Mdalasini sipati, asali sipati, lakini tangawizi inawasha! Mwanangu, nasikia kitu!" Macho yamemtoka, mkono uko mdomoni, anacheka kama msichana. Akaongeza tangawizi, akaonja, akacheka. Akaongeza. Nami nikamwangalia tu. Tangu augue sikuwa nimesikia kicheko hicho, ningemwambia vipi aache?

Zikatoka, kwa macho nzuri ajabu. Akatuketisha mezani, mume wangu, Baba na mimi, akasimama mbele yetu na sahani. Baba akauma. Uso ukabadilika rangi, mishipa ikamsimama shingoni, machozi yakaanza kuteremka.

"Tamu sana, mke wangu," akasema kwa sauti ya kukwama.

Mume wangu akauma, akamaliza jagi zima la maji. "Mama, leo umezidisha ufundi," akasema. Waongo wakubwa! Lakini nitawalaumu nini? Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia Mama kwamba biskuti zake mbaya, maana hazikuwahi kuwa mbaya. Hawakujua maneno yanaanzia wapi. Mama uso ukamng'aa. Akanigeukia mimi.

"Na wewe?"

Nikauma. Moto ukapanda mpaka masikioni.

"Mama," nikasema, "hizi haziliki."

Mume wangu akanipiga teke chini ya meza. Mama akaweka sahani polepole.

"Baba yako si analia kwa utamu?"

"Analia kwa tangawizi, Mama. Sote tunalia."

Akatutazama mmoja mmoja. Baba akainamisha kichwa, na hilo likatosha. Akakusanya biskuti zake zote, hata ile niliyoiuma. "Mpika keki aje kesho," akasema, akaingia chumbani.

"Mdomo wako huo!" mume wangu akanigombeza. Nikamjibu kwamba mdomo wake ndio mbaya zaidi, na tukalala kila mtu amempa mwenzake mgongo. Lakini usingizi sikuupata. Kusema kweli si kazi ngumu. Kazi ni kumwona mtu uso ukizimika kwa sababu yako.

Asubuhi nikamkuta jikoni anasafisha oveni ili aitoe ikiwa safi. Anaifuta kwa ndani, kona kwa kona. Mkono mwingine umeshika biskuti ya jana, anaitafuna bila haraka. Nikakaa kwenye kigoda.

"Mama, nisamehe mdomo wangu."

"Mdomo wako umenisaidia. Hao wengine wangenizika huku wanatafuna." Akacheka kidogo, nami nikapumua. "Unajua ajabu ni nini? Hizi zimetoka kama za mama yangu hasa. Zake zilikuwa kali hivi hivi, wageni walikuwa wanafuta machozi. Mimi ndiye niliyepunguza nilipoolewa, kwa sababu ya huyu mzee na tumbo lake la kitoto."

"Kwani mama yako hakuwa anaonja?"

"Anaonja! Anaongeza, anaonja, anaongeza, mpaka aseme, 'Hapo sasa nasikia.' Halafu zikiingia ndani ananiita nimnusie."

Nanyi mnajua kwamba mdomo wangu hutangulia, akili hufuata. "Kwani pua yake mwenyewe ilikuwa na kazi gani?" nikasema.

Kitambaa kikasimama. Mkono wake ulikuwa bado ndani ya oveni.

"Rudia."

Nikaogopa. "Nimesema... kwa nini hakunusa mwenyewe."

Mama akakaa sakafuni, pale pale mbele ya oveni, miguu kainyoosha kama mtoto. Nikafikiri nimuite Baba. Halafu akaanza kusema, si kwangu, kwa oveni.

"Maziwa. Kila asubuhi alikuwa ananiwekea kikombe puani, 'Nusa, yamechacha?' Siki na mafuta ya taa zilikuwa kwenye chupa zinazofanana, na hakugusa chupa mpaka ninuse mimi. Nguo za kuvaa ugenini, 'Nusa kwapani.' Nilidhani ananifundisha." Akaweka mkono kifuani. "Na kichwa. Hakikuwa kichwa, mwanangu. Sikio mlangoni, macho kafumba. Alikuwa anazisikiliza."

Nywele zilinisimama.

Ndipo akajishika mdomo kwa mikono yote miwili. "Maharage," akasema.

Ikawa kilio na kicheko kwa pamoja, sijui kipi kilitangulia. "Alikuwa amesimama juu ya sufuria, na hakujua! Alinichapa kwa woga. 'Kwa nini hukuniambia?' Nilikuwa pua yake, na siku ile nililala kazini! Maisha yake yote hakumwambia mtu. Hata mimi niliyekuwa namnusia." Akafuta uso kwa kitambaa cha masizi, akajipaka weusi shavuni. "Na mimi miaka yote navuta pumzi, 'Mama ameingia, Mama ameingia', na harufu yenyewe hakuijua! Yeye alikuwa na moto wa ulimini tu, na masikio. Kama mimi leo. Hiki nilicho nacho mimi ndicho alichokuwa nacho yeye!"

Nilimwangalia mwanamke yule kakaa sakafuni, shavu jeusi, anacheka na kulia, na nasema ukweli, sijawahi kuona kitu kikubwa kama kile. Hata siku ya pasi haikufikia nusu.

Akainuka kwa kushika meza. "Lete unga."

Safari hii tangawizi tuliigombania. Anaonja, anataka kuongeza, namwambia, "Mama, inatosha, ikuwashe kidogo tu." Anasema, "Wewe ndiye utakayeniambia. Hao wanaume siwaamini tena." Trei ikaingia, kitambaa kikabana mlango. Mama akachuchumaa, magoti yakalalamika, akaweka sikio.

"Zima redio huko!" nikamfokea baba mkwe wangu, Mungu anisamehe, na mzee wa watu akazima. Akaja mlangoni na soksi zake kuangalia kuna nini. Nami nikachuchumaa nikaweka sikio. Mwanzoni sikupata kitu zaidi ya mvumo wa gesi. Halafu nikaipata, sauti ndogo ndogo, kama kitu kinakaangwa nyumba ya nne. Siagi na asali zilikuwa zinachemka ndani ya kila biskuti. Kumbe miaka yote zilikuwa zinasema, na mimi niko upande wa pili wa ukuta na cherehani yangu inapiga kelele!

"Zikinyamaza zimeiva," Mama akanong'ona. Hakuna aliyemwambia. Alijua tu.

Hapo ndipo mpika keki alipoingia kwa uchangamfu, mkokoteni ameuacha getini, "Hodi hapa, nimekuja na vijana wa kubeba..." Mama bila kuinua sikio akanyoosha kidole kimoja. Mpika keki, maskini, akasimama pale pale, mkoba mkononi, hakujua kosa lake. Tukanyamaza wote. Sauti ndani ya oveni ikapungua, ikawa ya kukatikakatika, ikawa ya hapa moja na pale moja.

"Mwanangu," Mama akasema, macho bado kafumba, "njoo uninusie."

Nikapeleka pua kwenye mlango. Joto likanipiga usoni, na ndani ya joto hilo tangawizi, mdalasini, asali inayoanza kukolea. Nikavuta pumzi mpaka mabega yangu yakapanda.

"Tayari, Mama."

"Najua," akasema. "Zimeshanyamaza. Nimekuita tu."

Akafungua. Zilikuwa zimepasukapasuka vizuri, kando zimekolea rangi. Akachukua moja na moto wake, akaihamisha kutoka kiganja hiki kwenda kile, akauma. Ikamwasha, nikaona ilivyomwasha, maana alifumba macho na chozi likapita kwenye masizi ya shavuni. Sote tulikuwa tunasubiri aseme yale maneno yake. Hakuyasema. Alitikisa kichwa tu kwa kukubali, kama mtu anayejibiwa, akaendelea kutafuna.

"Na oveni?" mpika keki akauliza kwa sauti ndogo.

"Oveni gani?" Baba akamjibu, akamsogezea sahani.

Mkokoteni ulirudi mtupu, na mwenyewe akaenda na biskuti kwenye gazeti. Pua ya Mama haijarudi mpaka leo. Jumamosi ikifika nakuwa barazani, nguo za watu zimenilundikia, sina muda hata wa kujikuna, na yeye yuko ndani amechuchumaa, sikio mlangoni, hanihitaji kwa lolote. Lakini lazima aniite. "Wewe! Njoo uninusie!" Naacha sindano ndani ya kitambaa, naenda mbio.